Vilindo Viwili vya Mama Mkwe

(Sehemu ya sita)

Kama gazeti la juma lililopita lilikupita kwa sababu muuza maandazi alikuwahi, usihuzunike, msomaji. Mikosi ya Kasimiri haihitaji maneno mengi. Yenyewe hujieleza.

Tulimwacha Igalula, mwaka ule Mjapani alipoitwaa Rangoon kule Burma. Kabla ya hapo mchele wa Rangoon ulikuwa ukishuka kituoni magunia kwa magunia, mweupe na wa bei rahisi, na watu wa Igalula wakaona mpunga wa nini. Mtu ainame mbugani, tope magotini, agombane na ndege tangu alfajiri, halafu mchele wake uwe ghali kuliko ule uliovuka bahari? Wakaacha. Mbegu za babu zao wakazitwanga, wakazila. Serikali ikasema vema, limeni karanga.

Kisha meli zikakoma. Serikali ile ile ikaamka asubuhi, ikajifuta mdomo, ikatangaza kwamba kila mwenye kipande mbugani alime mpunga. Na asiyekuwa na miche kitaluni kabla ya Noeli, kipande chake apewe mtu mwenye mbegu.

Kipande cha Kasimiri ndicho kilikuwa kizuri kuliko vyote. Maji hukaa pale hata mvua zikishakwenda zake. Alikirithi kwa baba yake, na Mahona, jirani yake wa bondeni, alikuwa akikitazama tangu ujana kama fisi anavyomtazama mlevi aliyelala njiani.

Basi Kasimiri, ambaye nyumbani kwake hapakuwa na mbegu hata punje, akasimama barazani na koti lake la reli, akanguruma: "Mbegu ninazo mimi! Njooni mnilimie, nitawagawia wote!"

Wakamlimia. Yeye akamtuma mkewe Apolinaria mbio Goweko kwa mamaye, Mama Veneranda, mwanamke pekee tuliyemjua ambaye Rangoon haikumtoa mbugani. Apolinaria akarudi na vilindo viwili, yale masanduku ya gome la mti wanayowekea nafaka. Kimoja kilikuwa na mpunga msafi, mzito, unaong'aa. Kingine kilikuwa na mpunga wa vumbi na mabua.

Kasimiri akakata shauri pale pale, mbele ya wageni: ule unaong'aa ndio mbegu, na ule wa vumbi utwangwe, apikiwe Bwana Shamba Sylvester aliyekuja kukagua. Apolinaria akafungua mdomo kusema. Akaambiwa aufunge, Serikali inazungumza.

Wali ukaliwa kwa kuku wawili. Bwana Shamba akalamba vidole, akasimama akahutubia: "Ladha hii, jamani! Ladha ya udongo wetu wenyewe! Ule wa Rangoon tulikuwa tunakula karatasi." Wakapiga makofi. Mbegu zikagawiwa, zikalowekwa, zikamwagwa vitaluni.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa tafuta pa kukaa.

Mvua ilinyesha vizuri. Majani yakaota. Magugu yakaota. Hata kijiti alichochomeka Kasimiri kuzuia kuku kikatoa chipukizi. Mpunga haukuota.

"Unavuta pumzi," Kasimiri akawaambia watu.

Siku zikapita, mpunga ukaendelea kuvuta pumzi. Halafu ikaanza harufu. Si harufu ya kitalu, ilikuwa harufu ya uji uliosahauliwa kwenye chungu. Kila aliyegawiwa mbegu alikuwa nayo nyumbani kwake, kila mmoja akidhani ni mkewe hajaosha vyombo.

Ndege ndio waliotoa siri. Ndege wa Igalula huiba mpunga hata mfukoni mwa mtu, lakini kwenye vitalu vile walishuka, wakadonoa, wakatazamana, wakaruka.

Benedikta, mjane wa jirani, hakungoja tena. Aliingia kitaluni kwa Kasimiri, akafukua punje, akaimenya kwa kucha, akaiuma. Akatafuna kidogo. Akameza.

"Kasimiri."

"Naam, dada."

"Umeweka chumvi?"

"Chumvi ya nini?"

"Huu umeiva, bwana. Umechemshwa. Tumepanda wali."

Naona nikukumbushe jambo ambalo kina mama wa mbugani wanalijua na watu wa Rangoon ya dukani walikuwa wamekwisha lisahau. Mpunga ukiuchemsha na maganda yake, ukauanika, ukaja kuutwanga, punje hutoka nzima, haivunjiki ikawa chenga. Ni mzuri sana kwa kula. Kuota hauoti, hata uusomee misa.

Watu wakakusanyika na majembe yao mabegani. Ndiyo majembe yale yale yaliyomlimia Kasimiri shamba lake lote. Hakuna aliyesema neno baya, walisimama tu wakimtazama, na hilo lilimtisha zaidi.

Kasimiri akakimbilia ndani kwa mkewe. "Mama Damas! Mama yako ameniua!"

Apolinaria alikuwa anachambua mboga. "Amekuua kwa nini?"

"Amenipa mpunga uliochemshwa! Kesho kutwa ni baraza la mwisho la kukagua vitalu. Shamba la baba yangu linakwenda kwa Mahona!"

"Basi nenda kamwulize."

"Mimi? Nikamwulize mama mkwe?"

"Mguu unao, na reli ipo."

Mwanamke huyu alikuwa anamtania au anampiga? Kasimiri hakujua. Maana kila mtu anajua: mkwe hatazamwi usoni. Mkwe ukimwona njiani unaingia porini, na yeye anaingia porini upande wa pili, mnapishana kwa kukohoa. Babu yake Kasimiri alibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka Bagamoyo, simba kushoto na kiu kulia, na hakuwahi kuzungumza na mama mkwe wake. Mnyamwezi atabeba mzigo wowote isipokuwa huo.

Lakini shamba ni shamba. Alfajiri Kasimiri akafuata reli kwenda Goweko, amevaa koti.

Alipofika hakubisha hodi. Alizunguka nyuma ya ua wa matete, akapiga magoti, akageuza uso ukaelekea porini. Kwa ndani alimsikia mama mkwe akitembea. Kati yao, kwenye pengo la ua, palikuwa na kinu cha kutwangia. Desturi inaruhusu hivyo: na mkwe husemi, ila na kinu unaweza kusema, na kinu kikipenda kitafikisha.

"Kinu, mwangaluka," akaamkia Kasimiri.

Kuku akapita. Halafu sauti ya Mama Veneranda ikasema: "Kinu, mwitikie huyo mtu. Mwambie mwangaluka. Mwulize mke na watoto hawajambo?"

"Kinu, mwambie mama hawajambo wote. Mimi tu ndiye sijambo kwa mbali."

"Mwulize anaumwa nini."

"Kinu, mwambie ninaumwa mpunga."

Akaeleza yote, kwa heshima, kama mtu aliye kwenye kitubio, tofauti ni kwamba yeye alikuja kuungama dhambi ya padri. Akasema mbegu zimeoza. Akasema watu wana majembe. Akasema, na hapa sauti ikapanda kidogo: "Na kinu, umwulize mama, kama alikuwa hanitaki angesema nilipoleta ng'ombe wa mahari! Kwa nini ameuchemsha?"

Kasimiri akajuta kila neno.

"Kinu," akasema Mama Veneranda taratibu, "mwulize: upi?"

"Upi vipi?"

"Nilimpelekea vilindo viwili. Wewe kinu ni shahidi. Mkwe hapelekewi mbegu tupu, kana kwamba ni kibarua wangu, apande kwa njaa. Mbegu inakwenda na chakula chake. Na chakula cha mkwe hakiwi mpunga mbichi, utwangwe utoke chenga, watu waseme Veneranda anamlisha mkwewe kama anayelisha vifaranga. Chakula chake nilikichemsha kwa mikono yangu, nikakianika, nikakipepeta mara mbili mpaka kikang'aa. Mbegu niliiacha na vumbi lake. Mbegu haipambwi, haiendi arusini. Na haya yote nilimwambia binti yangu."

Kasimiri akaanza kuchomoa tete moja moja kwenye ua.

"Sasa kinu, mwulize huyo bwana, ule wa vumbi ameufanyaje?"

Kasimiri akalirudisha tete uani.

"Kinu," akanong'ona, "mwambie mama tuliula."

"Ati?"

"Kwa kuku. Na Bwana Shamba."

Ndani ya ua kukasikika kitu kikianguka, nadhani ni ungo. Halafu Mama Veneranda akacheka. Alicheka mpaka akasahau kinu, akasahau desturi, akasema moja kwa moja juu ya ua: "Ee Mungu wangu! Wamekula mbegu wakapanda chakula!"

Halafu kicheko kikakatika, na kilichofuata hakikuwa kicheko.

"Kinu, mwambie. Wakati ule wa Rangoon walipita hapa na vikapu vyao vya dukani wakinicheka na tope langu. Mbegu za babu zao wakala. Mchele wa meli wakala. Leo wamekula na yangu. Vita vitakwisha, meli zitarudi, nao wataacha tena, na siku meli zikikwama tena watakuja hapa kupiga magoti. Iliyobaki nimekwisha imwaga kitaluni mwangu. Sina punje nyingine. Mwambie aende na Mungu."

Kasimiri alirudi na reli. Njia ile ile ya zamani ya misafara inapita kando, na siku hiyo angebadilishana na mpagazi yeyote aliyewahi kufa humo. Nasema wazi, alilia. Hakulia kwa sababu ya Mahona. Alilia kwa sababu baba yake aliwahi kumsimamisha ukingoni mwa kile kipande na kumwambia, hapa hutakufa njaa, na yeye amekila chote kwa mlo mmoja, akaomba na mchuzi uongezwe.

Nyumbani Apolinaria alimwekea maji ya kuoga. "Umemwona mama?"

"Nimekiona kinu."

"Kimesemaje?"

Kasimiri akamtazama. Alitaka kuuliza kwa nini hakumwambia. Akakumbuka kwamba alimwambia, au angalau alianza. Akaoga, akalala na njaa.

Baraza la mwisho lilifanyika kwenye bohari ya karanga kando ya kituo. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alikalia kiti pekee. Bwana Shamba Sylvester aliteremka kwenye treni ya asubuhi akiwa na kofia ngumu, kaptura iliyopigwa pasi, na gunia lililoshonwa mdomo na kutiwa lakiri. Mahona alivaa kanzu safi. Mtu havai kanzu safi siku ya kazi ila anajua kuna kitu atapokea.

Kabla ya lolote Benedikta akanyoosha mkono. "Bwana Shamba, nina swali. Tukilima mpunga huu, vita vikaisha, meli za Rangoon zikarudi na mchele wake rahisi, mpunga wetu ataununua nani?"

Sylvester akatazama karatasi yake mbele, akaigeuza, akaitazama nyuma. "Swali hilo halimo katika amri niliyopewa."

"Lakini njaa itakuwamo?"

"Mama, tuendelee."

Wakaendelea. Mwanangwa akamwita Kasimiri. "Una miche kitaluni?"

"Mwanangwa, miche..."

"Ndiyo au hapana."

"Hapana, Mwanangwa."

Watu wakaguna. Mahona akarekebisha kanzu yake.

"Basi amri ni amri," akasema Mwanangwa, bila furaha, maana alimjua marehemu baba yake Kasimiri. "Kipande kinakwenda kwa mwenye mbegu mkononi. Mahona ameomba, na Bwana Shamba amemletea mbegu ya Serikali. Lifunguliwe gunia watu wote waone."

Sylvester akakata uzi. Mahona akaingiza mikono miwili, akachota, akainua juu ili bohari nzima ione.

Ulikuwa mchele. Mweupe, umekobolewa, umepetwa. Mtu angeutia chunguni bila hata kuuchagua mawe.

Benedikta akasogea, akachungulia mikono ya Mahona. "Bwana Shamba, mbegu hizi zimevuliwa nguo. Tuzipande hivi hivi, au tuzitafutie shuka kwanza?"

Bohari ikalipuka. Wazee walishikana mabega. Karani wa kituo aliyekuwa akisikiliza dirishani alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Gunia limeandikwa mbegu!" Sylvester akapiga kelele. "Huenda ni aina mpya!"

Mahona aliurudisha mchele guniani polepole, akajifuta mikono kwenye kanzu.

Na Kasimiri? Wewe unamjua Kasimiri. Mtu mwingine angekaa kimya amshukuru Mungu. Yeye aliruka katikati ya bohari, koti linapepea. "Mwanangwa! Amri ni amri, umesema mwenyewe! Kipande kinakwenda kwa mwenye mbegu mkononi. Mahona hana. Mimi sina. Hakuna mwenye mbegu Igalula nzima! Basi shamba linabaki kwa mwenyewe!"

Kusema kweli hoja ilikuwa na miguu. Mwanangwa akakuna kidevu. Wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali.

"Ipo mbegu," ikasema sauti ya mwanamke.

Apolinaria alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma, kilindo kichwani. Akakitua mbele ya Mwanangwa, akapiga goti. "Shikamoo, Mwanangwa."

"Marahaba, mwanangu."

Akafunua. Mpunga wa vumbi na mabua, umejaa mpaka mdomoni.

Kasimiri akachota konzi, akaitazama. "Lakini huo... huo tuliula!"

"Mlikula wa Rangoon," akasema Apolinaria. "Kanji wa dukani alikuwa na debe lake la mwisho uvunguni. Nilimpelekea kuku wangu watatu, akanipa."

"Nilisikia kinu! Wote tulikisikia!"

"Nilikuwa natwanga pumba za mtama."

Watu wote wakageuka kumtazama Bwana Shamba Sylvester, mtaalamu wa ladha ya udongo wetu wenyewe. Bwana Shamba akaona afadhali asome tena karatasi yake.

Apolinaria akainuka, akawageukia majirani. Sauti ilimtetemeka, lakini hakuishusha. "Wenzangu, mnisamehe. Mara ya kwanza nilitaka kusema nikanyamazishwa mbele yenu, na hakuna hata mmoja aliyesema mwacheni aseme. Mara ya pili, mbegu zilipogawiwa, nilinyamaza mwenyewe. Mbegu hii inamtosha kila aliyelima, mvua bado ni changa, na nitawagawia leo hii. Mimi nitabaki na ya kitalu kimoja." Akamgeukia Mwanangwa. "Ila Mwanangwa, amri inasema kipande ni cha mwenye mbegu. Mbegu ni ya mama yangu, amenipa mimi. Ninakiomba kile kipande. Kwa jina langu."

Hapakuwa na kicheko safari hii. Mwanamke kuomba ardhi kwa jina lake mbele ya mumewe aliye hai, mwenye afya na koti? Mzee mmoja alitema mate. Benedikta alikwenda akasimama karibu na kilindo.

Mahona ndiye aliyepata akili kwanza. "Mwanangwa, mali ya mke ni ya mume. Mwulize Kasimiri. Kama mbegu ni yake, basi tangu mwanzo alikuwa nayo nzima nyumbani kwake, na sisi akatugawia iliyochemshwa ili tumlimie bure. Na aseme hivyo, tumsikie."

Lo, yule bwana! Majembe yakateremka mabegani, moja baada ya jingine.

Mwanangwa akaona mtego ulivyotegwa, na akaona hana njia ya kuukwepa. Akasimama, jambo ambalo halifanyi mara kwa mara kwa sababu ya magoti yake.

"Kasimiri. Ukisema mbegu ni yako, shamba la baba yako linabaki lako, na hawa utawajibu mwenyewe huko nje. Ukisema ni ya mkeo, basi umechagua mbegu kwa macho kama mtoto, na shamba ni lake. Sitaki hotuba. Nataka neno moja."

Kasimiri alimtazama Mahona. Akaitazama milango ya bohari, yote miwili, na watu waliosimama kwenye yote miwili. Mwisho akamtazama mkewe, naye hakuwa amekasirika wala hakuwa anamwomba. Alikuwa anangoja, kama wengine wote.

Kasimiri akavua koti la reli, akalikunja, akaliweka sakafuni.

"Mwanangwa," akasema, "mbegu hii ni ya..."

(Itaendelea juma lijalo)